Ufa, Ukuta na Uzi wa Mkonge

Masika yakishapita, kuta nyingi za vijijini Nyatike, Ndhiwa na Karachuonyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, hubaki na alama zilezile: nyufa nyembamba zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, lipu iliyomomonyoka karibu na ardhi, na hapa na pale ufito unaochungulia nje. Tiba yake inajulikana. Udongo hukandwa pamoja na kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, ukuta ukasiribwa upya, nyumba ikangoja mvua za vuli. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanawake, na hakuna anayewalipa.

Kwa hiyo anayekuja Homa Bay au Migori na habari kwamba mimea inaweza kuimarisha vifaa vya ujenzi haleti jambo geni. Fito zilizofungwa kwa kamba kisha zikakandikwa ni uimarishaji kamili. Nyasi zilizomo ndani ya lipu zinafanya kazi ileile ambayo wahandisi huitarajia kwa nyuzi za viwandani. Linalopaswa kuulizwa ni mimea ipi, iwekwe ndani ya nini, kwa nyumba ya namna gani, na itadumu miaka mingapi.

Swali hilo linawahusu watu wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 Migori. Kwa Kenya nzima, sensa hiyo ilikuta asilimia 80.3 ya makazi yakiwa na paa la mabati, na asilimia 27.5 yakiwa na kuta za udongo na kinyesi cha ng'ombe. Maana yake ni kwamba paa lilishabadilika, lakini ukuta wa zaidi ya robo ya makazi bado. Familia ikipata fedha hununua mabati kwanza, na chini ya mabati hayo udongo unaendelea kubeba nyumba.

Kazi halisi ya uzi

Uzi wa mkonge ukivutwa una nguvu ya kushangaza. Vipimo vya maabara mara nyingi huupa megapaskali 400 hadi 700, kiwango kinachoukaribia na hata kuupita uwezo wa chuma laini cha ujenzi. Takwimu hiyo imewapotosha wengi. Uzi uliomo ndani ya tofali umeshikwa na udongo au saruji, na mzigo haufiki kwenye uzi ila kwa kupitia mshiko huo. Uzi mfupi wa sentimita 3 au 5 hung'oka kabla haujakatika, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake haitumiki kamwe.

Faida yake iko kwingine. Udongo wa mfinyanzi hunywea unapokauka, na ule mweusi wa Bonde la Lambwe huvimba wakati wa mvua na kupasuka vibaya wakati wa kiangazi. Nyuzi zilizotawanywa vizuri huugawa ufa mmoja mpana ukawa nyufa nyingi ndogo ambazo maji hayapiti kwa urahisi. Tofali lenye nyuzi likizidiwa na mzigo halikatiki ghafla. Huinama na kupasuka polepole, likimpa mwenye nyumba onyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mkonge huuziba ufa ungali mchanga.

Kipimo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa udongo, nyuzi zenye uzito wa kama nusu asilimia hadi asilimia 1 ya mchanganyiko hutosha. Zikizidi, hushikana mafundo, udongo haushindiliki, tofali hubaki na mapengo ndani na nguvu hushuka. Anayeongeza nyuzi akidhani anaongeza uimara anaweza kuwa anaubomoa.

Kuna jambo ambalo nyuzi haziwezi kabisa, nalo ni kuuzuia udongo usiyeyuke kwa maji. Hiyo ni kazi ya saruji au chokaa. Tuchukue tofali la kushindiliwa lenye uzito wa kilo 10. Likiwekewa saruji asilimia 8, mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali 62. Likiwekewa asilimia 5, mfuko huohuo hutoa 100. Tofauti hiyo inavutia, na wapo wanaosema mkonge unaweza kuifidia saruji iliyopunguzwa. Kwa ukuta wa ndani, au wa nje uliofunikwa na paa lenye upenu mpana, hoja hiyo ina mashiko. Kwa safu za chini zinazorushiwa matone na kulowa kila jioni ya mvua haina mashiko hata kidogo, na katika nchi tambarare za Nyatike, ambako Mto Kuja hufurika mara kwa mara, ingekuwa hatari.

Pale chini panahitaji jiwe, na mawe yapo. Kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, zilijengwa Migori kwa mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, na zimesimama kwa karne kadhaa. Msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya usawa wa maji huupa udongo wenye nyuzi maisha ambayo mkonge peke yake hauwezi kuupa.

Somo la vigae

Kenya na Tanzania ziliwahi kuujaribu mkonge kwa bidii, na matokeo yake ndiyo yenye mafunzo makubwa. Katika miaka ya 1970 nchi nyingi zilitafuta paa lisilo la asbesto na lisilohitaji chuma cha kuagizwa. Huko Nairobi, D. G. Swift na R. B. L. Smith wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta walichapisha mwaka 1979 utafiti kuhusu mchanganyiko wa saruji na mkonge kama kifaa cha ujenzi cha bei nafuu. Tanzania, nchi ambayo mkonge wake ulianza na miche michache iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ilishirikiana na watafiti wa Sweden kupitia taasisi yake ya utafiti wa majengo ya Dar es Salaam. Uingereza nako, J. P. M. Parry alibuni mashine ndogo ya kutikisa iliyowawezesha mafundi kutengeneza vigae vya saruji na mkonge uani, na warsha za aina hiyo zilifunguliwa Kenya katika miaka ya 1980.

Jaribio la kwanza lilikuwa bati kubwa la saruji lenye mikunjo. Likitoka kwenye kalibu lilikuwa zuri, likajaribiwa, likasifiwa. Baada ya misimu kadhaa lilikuwa limegeuka kitu cha kuvunjika kama kigae cha chungu. Sababu yake ilielezwa vizuri na Hans-Erik Gram wa Sweden mwaka 1983. Maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya saruji yana ualkali mkali, pH ya karibu 13. Uzi mmoja wa mkonge ni fungu la seli fupi zilizogandishwa pamoja, na gundi inayoziunganisha huyeyushwa na ualkali huo. Uzi mrefu hubaki jina. Ndani kuna vipande vifupi visivyoshikana. Kulowa na kukauka mara kwa mara huharakisha uozo, na kando ya Ziwa Viktoria, ambako mvua ya alasiri hufuatwa na jua kali la kesho yake, paa hupitia mzunguko huo mwezi baada ya mwezi.

Mafundi walifikia jibu kwa njia yao. Bati kubwa liliachwa, kikabaki kigae kidogo cha kama sentimita 50 kwa 25, ambacho hakihitaji nguvu kubwa ya kuvutwa. Kisha watengenezaji wakagundua kwamba katika kigae hicho mkonge unasaidia siku za mwanzo tu: huushikilia mchanganyiko mbichi usimeguke unapolazwa kwenye kalibu. Baada ya hapo kigae kinajitegemea. Wengi wakauacha mkonge, wakatumia mchanga na kokoto ndogo zilizopangwa vizuri, na biashara ikaendelea bila uzi. Teknolojia iliyotangazwa kwa jina la mkonge iliishia kuuweka mkonge kando.

Uzito nao ulikuwa kikwazo. Paa la vigae hivyo hufikia takriban kilo 25 kwa mita moja ya mraba, na mabati mepesi hayafiki kilo 4. Vigae vinadai mbao nene na fundi makini wa kupiga kenchi, na katika maeneo ambako ukaushaji wa tumbaku na uchomaji wa matofali umekula kuni kwa miaka mingi, mbao ndizo zilizokuwa adimu.

Lakini mkonge huohuo unastawi sokoni mahali pengine. Mafundi wa dari za jipsamu mijini huchovya nyuzi za katani katika jipsamu iliyokorogwa na kuzitumia kuimarisha mapambo na viungo vya dari. Jipsamu haina ualkali wa saruji, na dari haipati mvua. Hapo uzi hukaa miaka bila kuoza, na hakuna mradi wa wahisani uliohitajika kuwashawishi mafundi wautumie. Ukiyaweka pamoja matukio haya mawili, kanuni inajitokeza yenyewe: uzi wa mmea hudumu palipo pakavu na pasipo na ualkali mkali. Udongo unatimiza sharti hilo. Saruji ya kawaida iliyo wazi kwa mvua hailitimizi.

Mianzi badala ya nondo

Kanda hii ina historia yake na mianzi. Kuanzia mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno wakiongozwa na Jacob Kibwage, kwa ufadhili wa kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, walijaribu pamoja na wakulima wa tumbaku wa Kuria, Migori, Homa Bay na Suba zao mbadala, mianzi mikubwa. Hoja ilikuwa afya, mapato na misitu: mianzi huvunwa bila kung'olewa, na ikifika miaka 3 hadi 5 inafaa kujengea.

Palipo na mianzi huzuka wazo la kuitia ndani ya zege mahali pa nondo. Wazo hili ni la zamani. Jeshi la Majini la Marekani lilitoa mwongozo wake mwaka 1966, na bado linarudi kila bei ya chuma inapopanda. Ni wazo baya kwa nyumba ya familia. Kwa unene uleule na mzigo uleule, mwanzi hurefuka mara 10 au zaidi ya chuma, kwa hiyo boriti ya zege hupasuka mapema na kuning'inia. Mwanzi hunywa maji ya zege mbichi ukavimba, kisha hukauka na kunywea, ukaacha nafasi kati yake na zege. Baada ya hapo unabaki gizani ndani ya ualkali uleule uliouharibu mkonge. Mapitio ya kina yaliyochapishwa na Hector Archila na wenzake mwaka 2018 yalihitimisha kwamba mwanzi haufai kuchukua nafasi ya chuma kwenye zege.

Hilo halimaanishi mwanzi hauna kazi. Huko Kolombia, kanuni ya ujenzi ya NSR-10 inaruhusu nyumba za hadi ghorofa 2 zenye fremu ya mianzi, zikiwa na vipande vya mwanzi uliopasuliwa na kupigiliwa pande zote, kisha zikasiribwa. Mjaluo au Mkuria atakayeiona nyumba hiyo ataitambua mara moja. Ni nyumba ya fito na udongo iliyopimwa, ikaandikiwa kanuni. Mianzi ya Migori inafaa hapo, kama fito na nguzo, ikishatibiwa kwa mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki ili wadudu wasiitoboe kwa kufuata wanga uliomo. Isipotibiwa, fundi bora arudi kwa siala, mti ambao wajenzi wa Kijaluo wameuamini kwa nguzo kwa vizazi vingi.

Majivu kama suluhu

Kama saruji ndiyo inayoua uzi, je, saruji inaweza kupunguzwa ukali? Inaweza. Gram mwenyewe alionyesha kwamba sehemu kubwa ya saruji ikibadilishwa kwa unga wenye silika inayochangamka, ualkali hushuka na uzi hudumu. Watafiti wa Brazili waliendeleza njia hiyo kwa nyuzi za minazi na saruji yenye masalia ya tanuri za chuma. Nyumba ya majaribio ya São Paulo ilipochunguzwa baada ya zaidi ya miaka 10, kuta zake zilikuwa bado zinatumika.

Migori na Homa Bay hazina tanuri za chuma, lakini zina majivu. Viwanda vya sukari vya Awendo na Ndhiwa huchoma makapi ya miwa kupashia mitambo yao. Mpunga wa mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini unaacha makapi, na makapi ya mpunga ni miongoni mwa mabaki ya shambani yenye silika nyingi zaidi. Kwa chokaa, Mlima Homa wenyewe ni mabaki ya volkano yenye miamba ya kaboneti.

Ugumu uko kwenye moto. Majivu huwa na manufaa yakichomwa kwa joto la wastani, takriban nyuzi joto 600 au 700 za Selsiasi. Joto likizidi sana, silika hugeuka fuwele na kuacha kuchangamana na chokaa. Majivu meusi yenye mkaa mwingi nayo hayafai. Halafu lazima yasagwe laini kama saruji yenyewe. Kiwanda huchoma makapi kwa ajili ya mvuke, bila kujali silika, kwa hiyo majivu ya leo yanaweza kutofautiana na ya wiki ijayo. Bila mtu wa kupima kila shehena, hiyo ni bahati nasibu, na nyumba haijengwi kwa bahati nasibu.

Nani atazivuna nyuzi?

Mkonge unaoonekana mipakani mwa mashamba unadanganya kwa wingi wake. Jani la mkonge hutoa takriban asilimia 4 tu ya uzito wake kama uzi. Kilo 100 za majani huacha kilo 4. Kuuparua kwa mkono ni kazi ya jasho na utomvu unaowasha, na taka zake zikimwagwa mtoni hula oksijeni ya samaki. Palipo na mashine ndogo ya kuparua na mahali pa kutupa taka, bei inashuka. Pasipo nayo, nyuzi nzuri zitauzwa kwa wasuka kamba na vikapu, ambao wanalipa vizuri kuliko mfyatua matofali.

Makapi ya miwa yana shida yake. Sukari iliyobaki, hata ikiwa chini ya asilimia 1, huchelewesha saruji isigande au huizuia kabisa. Yanahitaji kuoshwa au kuchemshwa kabla ya kuchanganywa. Gugumaji, ambalo kila baada ya muda hufunika ghuba na kuzifungia boti pwani za Homa Bay na Kendu, lina nyuzi dhaifu zinazonywa maji mno, na huja na kuondoka na upepo. Linafaa zaidi kwa mikeka na bidhaa za ndani kuliko ukuta. Mafunjo yanafaa kwa dari chini ya mabati, ambako hupunguza joto na kelele za mvua bila kuhitaji saruji yoyote.

Nyumba ya muda gani?

Wahandisi hupenda kuuliza kifaa kitadumu miaka mingapi, kana kwamba jibu ni moja kwa kila nyumba. Katika mila za Wajaluo si hivyo. Kijana hujenga simba, yaani nyumba ndogo ya kijana, katika boma la baba yake akijua kwamba siku moja atatoka na kuanzisha dala, yaani boma, lake mwenyewe. Simba si nyumba ya kurithisha. Ukuta wa udongo na mkonge utakaosimama miaka 10 au 15 kwa matengenezo machache unatosha na kuzidi, na kijana asiye na kazi ya kudumu hana sababu ya kukopa fedha za mawe na saruji kwa ajili yake. Nyumba kubwa ya dala jipya ina hesabu nyingine, na darasa la shule lina hesabu nyingine tena.

Kwa hiyo unafuu haupimwi kwa bei ya siku ya kujenga peke yake. Upimwe kwa gharama ya kila mwaka wa kuishi, pamoja na nguvu kazi ya anayesiriba. Lipu yenye nyuzi ikipunguza kusiriba kutoka kila msimu hadi mara moja kwa miaka kadhaa, aliyenufaika kwanza ni mwanamke wa nyumba hiyo, hata kama bei ya ukuta haikushuka kwa shilingi moja. Miradi mingi haihesabu muda wake, ndiyo maana huishia kusifu tofali la bei ndogo huku ikipuuza lipu, ambayo ingeleta nafuu ya haraka zaidi.

Heshima nayo ina bei. Mabati na mawe ni ushahidi kwa majirani kwamba mtu ameendelea. Udongo, hata ukiwa bora, husomwa kama umaskini. Hilo halitabadilika kwa mahubiri. Litabadilika ukuta wa udongo ukionekana nadhifu, umenyooka, usio na nyufa, kwenye jengo ambalo watu wanaliheshimu: zahanati, ofisi ya chifu, nyumba ya mwalimu.

Sheria na fundi

Kanuni ya Ujenzi ya 1968 ilitunga masharti yaliyowafaa wajenzi wa saruji na mawe, na kwa miongo mingi nyumba ya udongo mjini ilikuwa nyumba ya kubomolewa. Marekebisho ya 1995 yalilegeza masharti kwa nyumba za gharama nafuu. Kiwango cha Kenya cha matofali ya udongo ulioimarishwa kimekuwapo tangu 1993, na tangu 2006 wizara inayohusika na makazi imekuwa na mpango wa kueneza teknolojia nafuu za ujenzi na mashine za kushindilia matofali. Kanuni mpya ya taifa ya ujenzi ilitolewa mwaka 2024. Mlango wa sheria, basi, haujafungwa kama zamani.

Kinachokosekana ni daraja kati ya kiwango na fundi. Fundi wa Rongo au Oyugis hupima udongo kwa kiganja na jicho, na kwa udongo wa kwao jicho hilo halikosei sana. Ukimwongezea nyuzi, majivu na chokaa, jicho halitoshi. Anahitaji vipimo rahisi vinavyofanyika palepale: kijisanduku cha kukaushia udongo ili kupima umenywea kiasi gani, tofali la kulowekwa usiku kucha, ufito wa kuning'iniziwa uzito. Anahitaji pia mahali pa kupeleka sampuli. Chuo Kikuu cha Rongo kipo Migori, cha Tom Mboya kipo Homa Bay, na vyuo vya ufundi vipo katika kaunti zote mbili. Kuvikabidhi jukumu la kupima udongo na majivu ya kwao kungegharimu kidogo kuliko mradi mmoja wa majaribio unaoletwa na kuondoka.

Hukumu

Ushahidi wote unaelekea upande mmoja. Nyuzi za mimea zina nafasi ya kweli katika ujenzi nafuu wa kanda hii, na nafasi hiyo iko kwenye udongo: lipu, matofali ya kuta zilizofunikwa vizuri, na fremu za fito au mianzi iliyotibiwa. Kwenye zege inayobeba mzigo, nondo ibaki nondo. Kuokoa chuma mahali hapo ni kuokoa kwa hatari ya uhai. Kwenye paa la saruji nyembamba, majaribio yalishafanyika na jibu likapatikana miaka 40 iliyopita. Saruji yenye majivu inaweza kulibadilisha jibu hilo, lakini iingie kijijini ikiwa imepita maabara.

Kwa kaunti yenye fedha chache na hamu ya kuanza, hatua ya kwanza iwe lipu. Haihitaji mashine wala kibali, malighafi yake iko mpakani mwa shamba, na ikishindwa haimwangukii mtu. Matofali yafuate baada ya misimu kadhaa ya mvua, udongo wa kila tarafa ukishapimwa na mafundi wakishazoea kipimo. Anayetaka kuanza na zege au paa aonyeshe kwanza jinsi atakavyoulinda uzi wake dhidi ya saruji, na asipoweza, fedha za umma zisitumike.